Fundi Huyu Anaitwa Nani?

Mwulize Mtanzania yeyote akutajie mchoraji mmoja tu wa nchi hii. Wengi watajibu: Tingatinga. Endelea kuuliza huyo Tingatinga ni nani, na hapo majibu yataanza kupungua. Wapo wanaodhani ni jina la mtindo wa kuchora tu, na wapo ambao wakilisikia wanakumbuka mtambo wa kuchongea barabara. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu, tena mtu wa mkoa wetu wa Ruvuma. Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, akaondoka akiwa kijana kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya mbao nyembamba za kiwandani, na picha zake zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay. Mwaka 1972 askari polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Kazi yake yote ya uchoraji ilidumu miaka minne hivi.

Tangu hapo jina lake limekuwa jina la bidhaa. Ndugu zake, wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake wanachora kwa mtindo ule hadi leo, na tangu 1990 wana ushirika wao huko huko Oyster Bay. Mtalii akirudi kwao Ulaya huwaambia wenzake kwamba amenunua Tingatinga, kama mtu anavyosema amenunua Toyota. Aliyekaa siku tatu akiichora ile picha haulizwi. Na kijana wa Mbinga anayetaka kuona kazi ya mtu wa mkoa wake huishia kuiangalia kwenye simu.

Nimeanza na Tingatinga, ndugu msomaji, kwa sababu ninachotaka kusema kinahusu majina. Napendekeza kwamba kazi za mikono za watu wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa zioneshwe kwenye maktaba ya umma, kwa kuanzia maktaba ya mkoa pale Songea, na kwamba kila kazi iwekewe kadi ndogo yenye jina la aliyeitengeneza, kijiji chake, malighafi aliyotumia na mwaka. Wengine wakisikia habari ya maonyesho watafikiria utalii na fedha. Hayo nayo ni mema. Mimi nafikiria zaidi ile kadi.

Tuangalie kwanza tuna nini. Ukishuka kutoka Mbinga kwa barabara ya lami hadi Mbamba Bay, utapita kati ya watu ambao mikono yao haikai bure. Huku juu milimani kuna wasukaji wa vikapu na nyungo, kazi safi ambayo ukiimwagia maji haivuji upesi. Kule chini ufukweni kuna migono ya kutegea samaki, iliyosukwa ili samaki aingie kwa urahisi na asipate mlango wa kutokea; ukiutazama mgono kwa ndani utaona hesabu ambayo mimi, pamoja na mantiki yangu yote ya mwaka wa kwanza wa falsafa, siwezi kuipanga. Kuna mitumbwi iliyochongwa katika gogo moja. Kuna vyungu vya jirani zetu Wakisi, wa upande wa Ludewa na Kyela, wanawake waliosifika kwa ufinyanzi tangu zamani, ambao vyungu vyao husafiri ziwani kwa mitumbwi na kupata wanunuzi mbali na kwao. Kuna tarumbeta za vibuyu zinazopigwa kwenye mganda, ngoma ile ambayo wanaume hujipanga mistari kama askari wa gwaride. Kuna vijana wanaoandika majina ya mashua na kuchora vichwa vya watu kwenye kuta za vinyozi, na baadhi yao wana mkono mzuri kuliko wengi waliopita vyuo.

Halafu kuna ngolo. Wageni huja kuzitazama na kuzipiga picha, lakini sisi tuliokulia kwenye ngolo tunaziona kama jembe na jasho tu. Simama asubuhi kwenye mlima mmoja utazame mlima wa pili uliolimwa: mashimo yamepangana kama sega la nyuki kuanzia bondeni hadi kileleni, nayo yanazuia udongo usioshwe na mvua kwenye mteremko ambao mtu mwingine asingethubutu kuulima. Mlima hauwezi kupelekwa maktaba, lakini picha yake inaweza, na vijana wenye simu za kuipiga tunao.

Watu hawa wote tunawaita mafundi. Neno "msanii" tumeliacha kwa waimbaji wa redioni, na mitaani limepata hata maana nyingine: ukisikia fulani amefanya usanii, ujue kuna mtu ametapeliwa. Sina ugomvi na neno fundi. Ni neno la heshima. Ugomvi wangu ni kwamba tukishamwita mtu fundi tunaona hakuna haja ya kuuliza kitu kingine juu yake. Kitabu kina mwandishi. Wimbo wa kwaya una mtunzi, na kwaya zetu hugombana juu ya hilo. Mgono una "fundi mmoja wa kule ziwani".

Mtakatifu Thomas wa Akwino, ambaye sisi wa falsafa tunalala na kuamka naye, hakuwa na mgawanyo huo. Katika Summa anaieleza sanaa kuwa ni akili iliyonyooka juu ya vitu vinavyotengenezwa. Hasemi picha za ukutani tu. Kwa maelezo yake, mjenzi wa nyumba, mtengeneza chombo cha majini na mchonga sanamu wote wako ndani ya sanaa, na ubora wa kazi yao unapimwa kwa kazi yenyewe ilivyo. Mahali pengine anataja mambo matatu yanayohitajika ili kitu kiwe kizuri: kiwe kamili, kiwe na ulinganifu, na kiwe na mng'ao. Nimejaribu kuupima mtumbwi wa Liuli kwa vipimo hivyo vitatu. Umepita. Nimejaribu pia kuvipima baadhi ya viti vya plastiki tunavyovipanga altareni siku za jubilei, lakini hayo niyaache.

Sasa niseme jambo linalotuhusu sisi wenyewe kama Kanisa, maana si haki kuidai maktaba kitu ambacho parokia haijakifanya. Katika kanisa moja ambalo sitalitaja, nilipokuwa kwenye utume wa likizo, nilitumwa stoo kutafuta vinara vya mishumaa. Nyuma ya magunia ya saruji niliona msalaba wa mti, mrefu karibu kama mimi, Kristo akiwa amechongwa kwa uso wa mzee wa Kimatengo, mbavu zake zimetoka kama za mtu aliyekwisha kuumwa siku nyingi. Mguu mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa. Kanisani palikuwa na msalaba mpya wa plasta, mweupe, ulionunuliwa mjini. Nilimuuliza katekista nani aliuchonga ule wa zamani. Akafikiri sana. "Frateri, alikuwa mtu wa hapa hapa," akasema, "lakini waliomjua wamekwisha kufa." Katika daftari za parokia ile utapata jina la kila aliyebatizwa, kila aliyefunga ndoa, kila aliyelipa zaka mwaka fulani na kila aliyepitiwa. Aliyewachongea Kristo wa kumtazama kwa miaka mingi hayumo, au yumo kama mbatizwa tu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilitazama jambo hili mapema. Hati ya Sacrosanctum Concilium ya mwaka 1963 ina sura nzima juu ya sanaa takatifu. Humo Kanisa linasema kwamba halina mtindo mmoja wa sanaa lililoufanya kuwa wake, na kwamba sanaa ya kila taifa na kila eneo ipewe nafasi. Ibara ya 126 inawataka maaskofu wawe waangalifu vyombo vya ibada na kazi za thamani zisitupwe wala kuharibika. Na ibara ya 129, waseminari wenzangu, inatuhusu sisi moja kwa moja: wakleri wanapokuwa katika masomo ya falsafa na teolojia wafundishwe historia ya sanaa takatifu na maendeleo yake. Ni ibara fupi. Inafaa isomwe kwa sauti kwenye chumba cha chakula walau mara moja kwa mwaka.

Maandiko yenyewe hayakuona haya kumtaja fundi. Katika Kutoka sura ya 31, Mungu anapomwambia Musa juu ya hema ya kukutania, hasemi tafuta mafundi wazuri. Anamtaja Bezaleli, anamtaja baba yake Uri na kabila lake la Yuda. Kisha anamtaja msaidizi wake Oholiabu, na baba yake, na kabila lake la Dani. Ile sura ni kadi ya maonyesho: jina, ukoo, mahali, na ujuzi wa kukata mawe, kuchonga mti na kufua dhahabu.

Lakini kwa nini maktaba? Mseminari mwenzangu aliniuliza hivyo tukiwa shambani, akaongeza kwamba ukumbi wa parokia upo na hatuulipii. Jibu langu la kwanza ni kwamba ukumbi wa parokia ni wetu Wakatoliki, na kazi hizi si zetu peke yetu. Liuli ni misheni ya Waanglikana tangu wakati wa ukoloni. Waislamu wapo mwambaoni kote. Fundi Mwislamu atakuja ukumbini tukimwalika, atatushukuru, na bado atakuwa mgeni. Maktaba ya umma haina wageni.

La pili ni kwamba sokoni huwezi kutazama kitu. Ukisimama mbele ya chungu sokoni, muuzaji anakuuliza, "Nikufungie?" na wewe unaanza kufikiria mfuko wako. Kanisani nako unapiga magoti, kama inavyopasa, na unayemtazama ni Kristo, huutazami ufundi. Maktaba ni mahali pekee ninapopajua ambapo mtu maskini anaweza kukaa mbele ya kitu kizuri kwa saa nzima bila kununua, bila kusali na bila kuulizwa amefuata nini.

La tatu ndilo zito. Maktaba kazi yake ni kutunza majina. Kwa sheria za nchi yetu, anayechapisha kitabu hupaswa kupeleka nakala kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kijitabu kibovu, chenye makosa kila ukurasa, kina mahali pake na namba yake, na mwandishi wake atajulikana kwa vizazi vijavyo. Mwalimu Nyerere alipoifungua Maktaba Kuu Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, Sikukuu ya Uhuru, alikuwa anafungua nyumba ya kumbukumbu kwa taifa ambalo watu wake wengi hawakujua kusoma. Watu wale walijua kufinyanga, kusuka na kuchonga, na kumbukumbu ya ujuzi huo haiwezi kukaa kwenye vitabu peke yake. Tamko la UNESCO juu ya maktaba za umma, la mwaka 1994 na lililohuishwa 2022, linaihesabu sanaa na urithi wa watu kuwa sehemu ya kazi ya maktaba. Kwa hiyo hatuombi fadhila.

Jambo lenyewe si geni Afrika Mashariki. Nairobi kuna Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu, ambamo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Siku hizi taasisi ya Book Bunk, iliyoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, inaihuisha maktaba hiyo pamoja na zile za Kaloleni na Makadara, na ndani yake watu hukutana kwa vitabu, muziki na maonyesho ya sanaa. Na hapa kwetu, mwaka 1972, mwaka ule ule aliouawa Tingatinga, Sista Jean Pruitt wa Shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa Dar es Salaam. George Lilanga, mchongaji kutoka jirani zetu wa Masasi, aliajiriwa pale kama mlinzi wa usiku. Walipoiona kazi yake wakamweka ndani pamoja na wasanii, na mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington. Alifariki 2005 akiwa anajulikana ulimwenguni kwa jina lake mwenyewe. Lakini ilibidi afike Dar es Salaam kwanza. Swali langu ni kuhusu wale ambao hawatafika.

Wapo watakaosema sanamu na ngoma zitatuletea ushirikina mlangoni. Wavuke ziwa waende Mua, Malawi, ambako Padre Claude Boucher wa Wamisionari wa Afrika alianzisha kituo cha Kungoni mwaka 1976. Wachongaji wamefanya kazi misheni pale miaka yote hiyo na imani haijafa.

Pingamizi la mkutubi nalichukulia kwa uzito zaidi. Maktaba nyingi za mikoani ni vyumba ambamo wanafunzi wa kidato cha nne wanajisomea mitihani, na viti havitoshi. Ukileta watu wa kutazama vyungu utawasumbua. Ni kweli, na kwa sababu hiyo napendekeza kazi chache, ishirini au pungufu, ziwekwe kando ya kuta na kwenye njia ya kuingilia, kwa mwezi mmoja ambao si wa mitihani. Nadhani pia haitamdhuru mwanafunzi kuinua macho kutoka kwenye daftari la fizikia akakutana na mgono. Huenda akaelewa jambo ambalo mwalimu wake amelieleza mara tatu.

Lipo pia la fedha, na hili nililisikia kwa mwenyewe. Nilimweleza mzee mmoja wa ufukweni, mchongaji wa mitumbwi, habari ya maonyesho haya. "Shikamoo, mzee," nikaanza, na nikaendelea kwa maneno mengi mazuri. Akanisikiliza hadi mwisho. "Sasa Frateri," akasema, "mtumbwi wangu ukikaa maktaba, mimi nitavulia nini?" Sikuwa na jibu. Mwanawe akacheka, akasema, baba, wape kafi. Mzee akasema kafi atatoa, ila anayetaka kununua aelekezwe aliko. Naona ni haki. Biashara isifanyike ndani ya maktaba, lakini kadi ioneshe kijiji, na fundi akikubali, hata namba yake ya simu. Na kama kuna mtu atataka kuuiga ule mtindo na kuuchapa kwenye vitenge huko mjini, itakuwa imeandikwa mahali pa umma nani alianza, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 itapata pa kushikia. Fundi asiye na jina hawezi kudai chochote.

Sisi waseminari tuna likizo ndefu na tunatawanyika vigangoni. Tunaweza kuanza kabla hata barua ya kuomba ukumbi haijajibiwa. Kila mmoja wetu amtafute fundi mmoja au wawili katika parokia anakotumwa, akae naye akifanya kazi, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, aandike jina, kijiji, mti au udongo gani, na alifundishwa na nani. Hilo la mwisho lisisahaulike, maana ndilo litakalotupatia majina ya waliokufa kabla hatujachelewa zaidi. Kule parokiani watu wa jumuiya ndogo ndogo wanajua mengi kuliko sisi. Mama wa WAWATA atakuambia nani anasuka nini kabla hujamaliza kuuliza. Daftari likijaa, tulipeleke Songea kwa mkutubi pamoja na barua. Nakala moja ibaki kwa Baba Paroko, akiandikwa pia, kama bado yupo anayemkumbuka, aliyeuchonga msalaba wa stoo.

Nimekwisha kuanza langu. Lina majina manne. La nne ni la mama muuza vyungu niliyemkuta sokoni Mbamba Bay, mwenye jamaa zake upande wa Wakisi, ambaye alinisaidia pia kuhusu usafiri. Nilikuwa nahofia vyungu vitavunjika njiani kwenda Songea, akasema vimezoea mawimbi, haviwezi kushindwa na basi. Kisha akaniangalia nikiandika, akauliza kwenye kadi tutaweka jina lake la ubatizo au lile ambalo watu wanamwitia. Nikamwambia, mama, chagua wewe. Akaniagiza niyaandike yote mawili, na la marehemu mama yake chini yake, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha.